Faili la Injini la Kutumiwa kwa Simu

SWALI: Nina Subaru Forester yenye turbo, injini ya lita 2.0, iliyotoka Japani. Fundi wa Dar es Salaam alinitumia kwa simu faili la kompyuta ya injini (mipangilio ya mafuta, cheche na turbo) ambalo alikwisha kuliweka kwenye gari la rafiki yangu, la aina hiyohiyo na mwaka huohuo. Nguvu zimeongezeka, lakini nikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto nasikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Fundi anasema nisijali, kwa kuwa taa ya injini haijawaka. Je, tatizo ni petroli, au nimwombe faili jingine? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, acha kulikanyaga gari hilo kuanzia leo, na kama faili la kiwandani lilihifadhiwa, lirudishe kabla hujapanda mlima tena. Injini yako inagonga: sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na kishindo hicho kinaipiga pistoni. Katika injini za namna hii, mara nyingi kinachovunjika kwanza ni kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi.

Kuhusu taa, fundi wako amekupotosha. Sensa inaposikia injini ikigonga, kompyuta huchelewesha cheche kwa nyuzi kadhaa na kuendelea na kazi, kwa kuwa kwake hilo si hitilafu. Nimefungua injini zenye pistoni zilizopasuka ambazo taa yake haikuwahi kuwaka hata siku moja.

Petroli huenda inachangia. Gari lako lilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango cha huko oktani yake, yaani uwezo wake wa kuzuia kugonga, haipungui 96, nalo sasa linavuta hewa ya joto la Tanga. Hata hivyo, kosa lilianza pale mlipoamini kwamba gari la rafiki yako na lako ni gari moja. Imani hii ndiyo ninayopambana nayo kila wiki, na inanisikitisha, kwa sababu wenye magari huilipia kwa injini nzima. Pampu ya mafuta iliyochoka, nozeli zenye uchafu, sensa ya hewa yenye vumbi au eksozi iliyobadilishwa inatosha kulifanya faili lililo salama kwa mwenzako liwe hatari kwako.

Kuna gari nililoletewa ambalo mpira wa hewa kati ya kipozahewa na injini ulikuwa na klampu iliyolegea. Sensa ya hewa ilikuwa imekwisha kuihesabu hewa iliyokuwa ikivuja hapo, hivyo kompyuta ikamwaga mafuta kupita kiasi na moshi ukawa mweusi. Mrekebishaji aliyekuwa mbali, bila kuagiza mipira ikaguliwe, akapunguza mafuta kwenye faili, na moshi ukaisha. Mwezi uliofuata mwenye gari akakaza klampu, hewa yote ikaingia, mafuta yakawa machache, na pistoni ya silinda ya nne ikatoboka.

Kurekebisha injini kutoka mbali kunawezekana, nami nakufanya, lakini mrekebishaji hana macho wala masikio isipokuwa rekodi ya data. Rekodi hiyo lazima ioneshe, kwa wakati mmoja, mizunguko ya injini, msukumo wa turbo, joto la hewa inayoingia, muda wa cheche, kiasi ambacho kompyuta imeuchelewesha, na uwiano wa hewa na mafuta. Uwiano huo hausomwi kwa sensa ya kiwandani ya aina ya kawaida, ambayo ni sahihi karibu na 14.7 kwa 1 tu, ilhali injini yako ikiwa chini ya mzigo huhitaji takriban 11 hadi 11.5; kwa hiyo funga sensa ya masafa mapana kwenye eksozi. Kisha irekodiwe gia moja, kwa kawaida ya tatu, kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,000, msukumo ukianza chini na kuongezwa kidogo kidogo kila baada ya rekodi kusomwa. Dereva aendeshe tu na mwenzake ashike kompyuta, wala isiwe barabara ya Segera yenye malori.

Kwa hiyo usiombe faili jingine. Wauzaji wanaosambaza faili moja kwa magari ishirini katika makundi ya simu hawarekebishi chochote, na wale wanaoridhika na rekodi ya gari likinguruma tu uani bila kutembea hawana tofauti nao, kwa kuwa hapo turbo haijasukuma hewa yoyote. Kabla ya kumlipa mtu, muulize anataka rekodi ya vipimo gani na ya gia ipi. Akijibu kwamba haihitaji, mwache. Kwa gari lako, anza na kipimo cha mgandamizo wa silinda zote nne, kwa sababu baada ya injini kugonga kwa mlima mzima wa Lushoto huenda ringi zimekwisha kuumia.