Betri Mpya, Alteneta Mpya, na Bado Chaji Haitoshi

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina gari la Kiingereza la mwaka 1966 ambalo awali lilikuwa na dainamo, na fundi akaniwekea alteneta mahali pake. Tangu hapo nimekwisha kununua betri mpya na alteneta ya pili, lakini kila nikiendesha usiku mara mbili tatu, betri inakwisha nguvu. Mchana taa nyekundu ya chaji huzimika, ila nikiwasha taa kubwa inaanza kuwaka kwa mbali. Je, alteneta hii nayo ni mbovu?

JIBU: Sidhani, ndugu msomaji, na ninakusihi usinunue ya tatu. Taa ya chaji hupata umeme kutoka pande mbili, upande mmoja ukitoka kwenye swichi ya funguo na mwingine kwenye alteneta. Volti za pande hizo zikilingana taa huzimika, na zikitofautiana huwaka. Ni kweli kwamba diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyoungua ndani ya alteneta huweza kuleta dalili kama hiyo, lakini alteneta mbili kufa kifo kimoja ni jambo la nadra. Yaelekea alteneta inazalisha umeme wa kutosha, nao unapotelea njiani.

Chukua mita ya kupimia volti, washa injini, ikanyagie mafuta kidogo huku taa kubwa zikiwaka, kisha weka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya kutolea umeme ya alteneta na nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Gusa risasi yenyewe ya kichwa cha betri, si kibanio kilichokifunga, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa umejificha katikati ya hivyo viwili. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, njia hiyo ina kasoro. Rudia kipimo kati ya ganda la alteneta na kichwa cha hasi, ambako hata volti 0.2 ni nyingi.

Gari moja la rika hilo nililolipima lilikuwa na volti 14.3 kwenye alteneta na 12.7 tu kwenye betri. Nilifuata waya hadi nyuma ya saa ya ampea kwenye dashibodi, nikakuta nati imelegea, shaba imekuwa nyeusi, na ganda la waya limekauka likapasuka kama ganda la yai. Volti 1.6 zinapopotea katika mkondo wa ampea 20, kiungo hicho kimoja kinatoa joto la wati 32, na hilo ni joto la kuanzisha moto. Dainamo nyingi za Kiingereza za miaka ile zilitoa ampea 22 hivi, na nyaya zilichaguliwa kwa kiasi hicho. Alteneta hutoa 34 na zaidi bila shida, kwa hiyo kiungo kilichostahimili zamani sasa kinalemewa.

Ukikuta hali hiyo, safisha viungo kwa msasa, kisha pitisha waya mpya wa milimita 6 za mraba, wenye fyuzi yake, kutoka kwenye alteneta hadi kwenye skrubu ya stata inayopokea waya mnene wa betri. Saa ya ampea haitasema kweli tena baada ya hapo. Weka ya volti. Kagua pia waya wa kuunganisha injini na bodi, kwani ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, na nimewahi kuona kebo ya choki ikitoa moshi kwa sababu hiyo.

SWALI: Gari langu la Kiingereza lina dainamo yake ya asili, iliyotengenezwa na kampuni ya Lucas. Limekaa bila kuwashwa mwaka mzima na sasa halichaji kabisa. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye mkanda na kaboni zinazogusa sehemu inayozunguka ndani ya dainamo. Vikiwa vizima, huenda dainamo imepoteza usumaku wake wa akiba. Kuurudisha, injini ikiwa imezimwa, fungua waya wa F (unaolisha koili za sumaku) kwenye dainamo, kisha kwa waya mwingine kutoka kwenye kichwa cha betri ambacho hakikufungwa kwenye bodi, gusa skrubu hiyo ya F kwa sekunde moja, mara mbili au tatu. Cheche ndogo itaruka. Hakikisha kwanza ni kichwa kipi kimefungwa kwenye bodi, kwa kuwa magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalifunga chanya kwenye bodi.