Mbona Guka Alilipia Shamba

Mwanangu,

Swali lako limenikosesha usingizi. Umeniandikia kwamba mzee unayefanya kazi kwake huko Nebraska alikuonyesha hati ya babu wa babu yake: ekari 160 kutoka kwa serikali ya Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1862, kwa sharti la kujenga nyumba, kulima na kukaa miaka 5. Ukauliza, "Mama, mbona guka, babu yangu, alilipia shamba letu la Kinangop miaka yote ile, na wenzake huku walipewa?"

Tulifika Kinangop, huku nyanda za juu za Kenya, mwaka 1964 kwa lori, mimi nikiwa na miaka 7. Baridi ilikuwa inauma mifupa. Ploti yetu ilikuwa nyasi tupu na kigingi chenye namba, tukalala chini ya turubai hadi guka alipopata mbao za kujengea. Lakini hakuwa mgeni wa nchi ile. Alizaliwa huko huko, kwenye shamba la setla, yaani mlowezi wa Kizungu, kwa sababu baba yake alikuwa skwota, mtu anayeishi kwenye shamba la mwingine kwa kulifanyia kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kuishi, kulima kishamba chake na kulisha mbuzi wake. Wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau, walifukuzwa na kurudishwa rizavu, maeneo yaliyotengewa Waafrika, na huko hawakuwa na hata shubiri ya ardhi.

Kwa hiyo zilipotangazwa zile skimu za ekari milioni, za kuwagawia Waafrika mashamba ya setla, kuanzia 1962, guka alikimbilia kujiandikisha. Watu wanazikumbuka kama zawadi ya Uhuru. Hazikuwa zawadi. Serikali ya Uingereza ilitoa fedha, sehemu msaada na sehemu mkopo, ili setla anayeondoka alipwe bei ya shamba lake. Kisha shamba likakatwa ploti, na mkulima akauziwa kwa deni: la ardhi miaka 30, la ng'ombe na sengenge miaka 10, riba asilimia 6.5. Pesa ya ardhi haikulala Kinangop hata usiku mmoja. Ilitoka kwa Waingereza ikarudi kwao, deni likabaki kwa guka.

Alililipa kwa pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, na maziwa. Cucu wako, bibi yako, alichuma maua tangu umande haujakauka, tukayaanika na kuyapeleka sosaiti, chama cha ushirika. Sosaiti ilikata deni kwanza, kilichobaki ndicho kilichotuvalisha. Kuna mwaka baridi kali iliunguza maua na ng'ombe wawili wakafa, ikaja barua kwamba asipolipa atanyang'anywa ploti. Guka aliikunja, akaiweka mfukoni, akaenda kuuza yule ng'ombe aliyebaki akikamwa. Sitasahau mama alivyosimama mlangoni ameshika ndoo tupu. Hati tuliipata deni lilipoisha, wewe ukiwa tayari unatembea.

Wako wanaosema kitu cha bure hakitunzwi, afadhali walilipa. Siwakubali. Mtu aliyefanyia kazi nchi ile tangu utotoni hakuhitaji kufunzwa kuitunza. Na hao ndio waliobahatika: familia kama 35,000 zilipata ploti, wengine wengi wakabaki maskwota chini ya matajiri wapya.

Sasa ule mpango uliouona Nebraska, usidhani haukufika kwetu. Ulifika. Mwaka 1919 askari wa Kizungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia waligawiwa mashamba ya nyanda za juu, wengine bure, wengine kwa bei ya kulipa pole pole. Sheria ya mwaka 1915 ilishawapa setla nafasi ya kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Waafrika waliotoka vita hiyo hiyo, wakibeba mizigo, hawakuwa kwenye orodha.

Jambo moja guka hakupenda kulisema, nami nitalisema kwa sababu umeuliza kwa moyo safi. Kabla ya setla, malisho yale yalikuwa ya Wamaasai. Waliondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka 1904, wakaahidiwa kwamba watakaa Laikipia maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 wakahamishwa tena. Majina wameyaacha: Ol Kalou, Ol Joro Orok. Guka alipolipa, alimlipa mtu ambaye naye alikalia pa mwenzake, na hakuna senti iliyofika kwa Mmaasai. Nikipita njia ya Naivasha huwa nalifikiria sana.

Ndiyo maana nami nina swali, umpelekee huyo mzee kwa adabu, maana amekukaribisha nyumbani kwake. Nilisoma kwamba Wapawnee, kabila la wenyeji wa Marekani, walikuwa Nebraska kabla ya wakulima kufika, na kwamba walihamishiwa Oklahoma. Je, kwao wanasimulia chochote kuhusu watu hao, na kwenye shamba lile kuna mto au kilima ambacho bado kina jina lao? Niandikie atakachokujibu.

Mama yako