Sema “imegusa”, hata kama aliyeshika ni mkubwa wako

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliniandikia: “Shikamoo dada. Niko fildi, wodi ya upasuaji. Nikinawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa naambiwa nachelewesha kazi, eti ya darasani niyaache darasani. Nifanyeje? Na vifurushi vya vifaa vikiisha, nifanye nini?”

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa ili na wenzako wasome, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa na mimi, na mpaka leo yananiuma.

Nilikuwa bado mgeni kazini. Usiku huo tulikuwa na mzee aliyezibwa mkojo tangu asubuhi, tumbo limejaa, analia kama mtoto. Dada mmoja mkubwa kazini ndiye aliyekuwa anamwekea mpira wa mkojo, mimi namsaidia pembeni. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mengi ninayoyajua nilijifunza kwake. Lakini ncha ya mpira iligusa paja la mzee kabla haijaingia. Nikasema kwa sauti ya chini, “Dada, imegusa.” Akanijibu, “Kidogo tu.” Nikarudia, safari hii nimeshamshikia mpira mwingine kwenye pakiti yake. Binti wa mzee alikuwa amesimama pale, anasikia kila kitu.

Mpira ulibadilishwa. Asubuhi nikaitwa ofisini. Hakuna aliyeniuliza mpira uligusa nini. Nilisomewa tu kwamba nimemdhalilisha mkubwa wangu mbele ya ndugu wa mgonjwa, na kwamba ya darasani niyaache darasani. Muda si mrefu nikahamishwa wodi, na jina la Sista Maji, la kunicheka kwa kunawa kwangu, likanifuata huko nilikokwenda.

Nilikuwa sahihi usiku ule. Ngozi ya paja ina bakteria wake, wanaishi pale bila kumsumbua mwenye paja. Ukiwasukuma kwa mpira hadi kwenye kibofu, umempa mzee homa ambayo hakuja nayo hospitali. Maambukizi ya njia ya mkojo yanayotokana na mpira ni kati ya yale yanayowapata sana watu waliolazwa, duniani kote. Kwa hiyo hilo neno “kidogo” lisikuingie kichwani. Kifaa kilichotakaswa kikigusa kisichotakaswa, kimechafuka, basi.

Na kuchukiwa kwa jambo hili hakukuanza na mimi wala wewe. Mwaka 1847, pale Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona madaktari wanatoka kupasua maiti wanakwenda moja kwa moja kuzalisha, na kina mama wanakufa kwa homa ya uzazi. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka sana. Wakubwa wengi wa fani hawakumshukuru, na miaka michache baadaye aliondoka mji ule. Leo anafundishwa kwenye vyuo vya uuguzi. Nilipokuwa nimehamishwa nilimkumbuka mara nyingi.

Sasa ushauri wenyewe. Nawa kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi yoyote inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa kitanda chake au vitu vyake. Hizo ndizo nyakati tano za Shirika la Afya Duniani, na zimetungwa kwa ajili ya wodini. Wakikwambia unachelewesha, beba kitakasa mikono kwenye troli: kama mikono haina uchafu unaoonekana, sekunde 20 hadi 30 zinatosha, wakati maji na sabuni yanataka 40 hadi 60. Ila mgonjwa akiwa anaharisha, rudi kwenye maji na sabuni, kwa sababu wapo vijidudu ambao kilevi kilichomo kwenye kitakasa hakiwaui.

Usijifiche nyuma ya glovu. Nimewaona watu wanazunguka vitanda vyote na glovu zile zile, wanaamini wako salama. Wao labda, mgonjwa wa kitanda cha pili je?

Halafu maandalizi. Kazi nyingi huharibikia hapo. Ukifungua kifurushi cha vifaa kabla hujakusanya kila kitu, ni sawa na kubandika sufuria jikoni ndipo uende sokoni. Kwanza kikague: kimekauka, hakijachanika, tarehe haijapita, utepe umebadilika rangi. Utepe unakuonyesha tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Kikiwa kimelowa, rudisha. Zima feni, subiri anayefagia amalize, ndipo ufungue. Usipitishe mkono juu ya vifaa, usivipe mgongo, na kilichoshuka chini ya kiuno chako usikihesabu tena.

Kubwa kuliko yote ni ulimi. Jifunze kusema “imegusa” kwa heshima, mapema, huku umeshashika kifaa mbadala, ili mkubwa wako asipate sababu ya kukataa. Mgonjwa amelala pale akiwa hana uwezo wa kujua kilichogusa na ambacho hakikugusa. Anakutegemea wewe. Ukinyamaza kwa kuogopa ofisi, unamwachia yeye alipe.

Leo mimi ni muuguzi mfawidhi. Mwezi uliopita daktari bingwa alikuwa anafungua mshono kwenye wodi yangu, akasimama mwenyewe, akasema, “Sista, imegusa, nipe glovu nyingine.” Wanafunzi walikuwepo wanaona. Sikusema kitu, lakini nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheo.

Umeniuliza pia ufanye nini vifurushi vikiisha. Usiazime gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, kwenye kifurushi kilichofunguliwa kwa mgonjwa mwingine, hata ukiambiwa haijatumika. Mwambie mfawidhi wako, omba wodi ya jirani, na uandike kwenye kitabu cha ripoti umeomba saa ngapi na umejibiwa nini.