Kwa nini tunakaa nao kuwahoji badala ya kuwafunga tu

Mkuu umeuliza kwa nini watu walipwe kukaa na wanaume wanaoharibu watoto mtandaoni na kuwauliza maisha yao, wakati dawa yao ni jela, na pia umeuliza kama tunawaamini wanachosema. Hasira yako naielewa kabisa. Mimi nimefanya hiyo kazi miaka 6 kwenye timu ya utafiti, nilianza kwa kusoma chati zilizotolewa kwenye simu zao, baadae nikawa nakaa nao mezani, na wengi niliowahoji walikuwa wameshafungwa tayari kwahiyo jela iko palepale.

Shida inaanzia kwa mpelelezi. Ana mafaili rundo, wote wamekutwa na picha za watoto wakidhalilishwa, na askari wa kwenda kugonga milango anao wachache. Aanze na nani? Akili ya haraka inasema anza na mwenye picha nyingi. Lakini utafiti ulionyesha wingi wa picha peke yake haukuambii vizuri nani anamgusa mtoto nyumbani kwake, ndo maana polisi wa Kent kule Uingereza na watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool wakatengeneza kipimo kinaitwa KIRAT, kinaangalia vitu kama rekodi yake ya nyuma na kama anaishi karibu na watoto, ili mlango wenye mtoto hatarini ugongwe kwanza. Hilo halijui mtu yeyote bila kuwasoma hawa watu.

Mwaka 2011 mtafiti mmoja, Michael Seto, na wenzake walikusanya tafiti nyingi pamoja. Kwa rekodi za serikali, kama asilimia 12 tu ya wahalifu wa mtandaoni walikuwa wameshawahi kushtakiwa kwa kumdhuru mtoto ana kwa ana. Kwenye zile tafiti chache ambazo wenyewe waliulizwa, waliokiri walikuwa kama asilimia 55. Yaani kuna watoto kibao ambao hakuna faili linalowataja, na wanaowajua ni hao hao tunaokaa nao mezani.

Kuna faili moja siwezi kulisahau. Mtu mzima kajifanya binti wa miaka 14, na siku ya kwanza, kabla ya neno lolote chafu, kauliza: hiyo simu yako au ya mama? Nilisoma mara mbili nikaipita, nikaona ni stori tu za kufahamiana. Miezi baadae namhoji mfungwa mwingine kabisa, ananiambia bila kupepesa macho, akijibu ya mama namwacha hapo hapo, nahamia kwa mwingine. Nikatoka pale mikono inatetemeka, nikarudi kwenye lile faili, nikakuta chati zaidi ya 30 zilizokufa baada ya mistari miwili mitatu na hakuna aliyezifungua kwa sababu hazikuwa na "kitu". Tukawapa wapelelezi. Ndani yake walipatikana watoto watatu ambao hawakuachwa, walihamishiwa tu kwenye akaunti nyingine ya huyo huyo jamaa, na mmoja wao alikuwa bado anatishiwa kwa picha zake wiki ile ile.

Upande wa kuzuia pia upo na hapa najua wengine mtanipinga. Kuna wanaotaka kuacha kabla hawajakamatwa. Uingereza wana laini ya simu ya Stop It Now tangu 2002, na Sweden walifanya jaribio la tiba ya mtandaoni kwa watu 160, wengi wao walipatikana kwenye mtandao wa giza (ile sehemu ya intaneti iliyofichwa), na waliopata tiba yenyewe walipunguza muda wa kuangalia hizo picha kuliko wale waliopewa kitu cha kulinganishia. Mimi sitaki kumwonea mtu huruma, ila kila saa ambayo hiyo picha haifunguliwi kuna mtoto ambaye hadhalilishwi tena.

Kuhusu kuwaamini, hapana mkuu, hatuwaamini. Kila wanachosema tunakiweka kando ya simu zao. Mmoja aliniambia kaanza mwaka juzi, kwa bahati mbaya, alibonyeza linki tu. Faili lake la kwanza lilikuwa la miaka 9 nyuma, na alikuwa ameipa folda jina la mtoto wa dada yake.