Bibi yako na maisha yake

Kamwene mwanangu,

Voisi yako niliisikia usiku ule ule ila nikasema nisijibu kwa simu, jambo lenyewe linataka mtu akae chini aandike. Umeuliza hivi bibi alikuwa na maisha yake mwenyewe au aliishi kutuhudumia sisi tu, na umesema ule wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulikukera, kazaliwa, kaolewa, kajaliwa watoto saba, mke mwema, mama mwema, amina. Mimi pale nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na shangazi zako na nikawaona wale wamama wa kwaya wanakonyezana, maana bibi wanamjua vizuri, yule aliyesomwa pale ndo hawakumtambua.

Mimi kwake ni mkwe tu, hakunizaa, na mkwe anaona vitu ambavyo watoto wa kuzaa hawavioni. Mtoto anaona ugali umefika mezani basi anakula, mkwe anajiuliza hela ya unga imetoka wapi.

Babu yako alikuwa mtu mzuri jamani, mpole, lakini hela ilikuwa haikai kwake. Ujana wake alienda mkonge. Enzi za mkoloni vijana wengi wa huku Ubena, hapa Njombe, walikuwa wanachukuliwa manamba, vibarua wa mkataba, kwenda mashamba ya Tanga na Kilosa, mtu anaondoka na shati moja anakaa huko weee, akirudi ana blanketi na kama ana bahati baiskeli. Bibi aliolewa akiwa binti mdogo, mume akarudi tena mkonge, akabaki na mama mkwe wake na shamba la ulezi. Aliniambia hapo ndo alijifunza kuendesha mji, na mzee aliporudi moja kwa moja akakuta mji una mwenyewe, na kwa akili yake nzuri hakubisha.

Mahindi ya juu mlimani yalikuwa ya babu, kwa jina. Vinyungu vya bondeni vilikuwa vya bibi. We umekulia shule za bweni hukuviona vizuri, mvua ikishakata na huko juu kumekauka kote, yeye yuko bondeni na jembe anainua matuta kwenye ule unyevunyevu, baridi ya mwezi wa saba ya Njombe inauma mpaka mifupa na yeye miguu iko kwenye maji, anapanda maharage na mahindi, ikifika mwezi wa kumi na moja huko ambapo maghala ya watu yameisha ndo wanakuja kwake kununua. Bei alikuwa anapanga mwenyewe. Babu alikuwa anauliza tu, "mama fulani, mwaka huu debe tunauzaje?"

Alafu mianzi. Hii ndo iliyowafanya wamama wa kwaya wakonyezane. Masika yakishika bibi yako alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anapita mwanzi kwa mwanzi, kile kichipukizi kichanga anakikata ncha, anafunga mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia, asubuhi na jioni anarudi kukikwangua kidogo kisizibe ili ulanzi, ile pombe ya mianzi, uendelee kudondoka. Ule mtogwa mtamu anatupa sisi nyumbani, ukishachacha ukawa mkangafu, ule mkali, anauza. Na huyu ni Mlutheri wa kubatizwa! Walikuwa wanamtenga, asishiriki Meza ya Bwana, anakaa benchi la nyuma na kitenge chake kisafi anaimba sauti ya pili kama kawaida. Msimu ukiisha anaenda kutubu anarudishwa. Mvua zikirudi naye anarudi kwenye mianzi. Ada ya baba yako ya sekondari yote ilitoka humo na wazee wa kanisa walijua, na baadhi yao walikuwa wateja.

Ile Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 ilipowahamisha watu wakaja kukaa huku barabarani, mianzi ilibaki kule mahame. Watu walikata tamaa, yeye akasema serikali imehamisha watu, mianzi haijapewa barua. Akawa anaenda na kurudi kwa miguu na mtoto mgongoni. Sijui kama ni shangazi yako mkubwa au ni marehemu, ila mtoto alikuwepo.

Kusoma alijifunza ukubwani. Nyerere alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakafika mpaka huku kwetu, wamama wanakaa chini ya mti jioni na vitoto vyao. Wenzake wengi waliishia kuandika jina, bibi alikuwa na shida yake maalumu, alitaka kuandika madeni. Lile daftari lipo, nimelitoa kwenye sanduku lake juzi. Kila aliyekunywa ulanzi kwa mkopo yumo, mwandiko mkubwa umelalia upande mmoja, na mbele ya majina mengine kaandika "nimesamehe" na mbele ya mengine kaandika "huyu hapana". Nimecheka peke yangu, kuna jina moja la hapana siwezi kuliandika humu kwa sababu ni mtu mzito sasa hivi.

Sasa nisikudanganye. Kuna sehemu kwenye swali lako uko sahihi. Miaka ile ya tisini UKIMWI uliposhamiri huku kwetu, Makete, Njombe yote, nyumba zilikuwa zinabaki na bibi na wajukuu tu. Yeye alizika watoto wake wawili, na wale binamu zako watatu mliokuwa mnakula nao sahani moja waliletwa kutoka mjini na kimfuko cha nguo. Dawa za kufubaza zilikuja kuanza kutolewa bure 2004, shangazi yako hakufika. Hapo bibi hakuchagua kitu. Mimi huwa nakasirika nikisikia watu wanawasifia mabibi wa kusini kwamba Mungu aliwapa moyo wa kulea yatima, moyo gani, walichoka. Aliwahi kuniambia jikoni tunapura maharage, "nimechoka mwali wangu, nilishamaliza kulea," akanyamaza akaendelea kupura. Jioni alikuwa anawakagua kucha wale watoto mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiniuliza kama alihudumia, ndio, na kuna miaka alikuwa anahudumia tu hana kingine, hata mianzi aliiacha misimu kadhaa.

Ila usimalizie hapo. Babu alipofariki si wakaja wale babu zako wadogo wa upande ule, wamekaa vizuri wamekunywa chai wanasema "shemeji wewe utakaa hapa hapa hatukufukuzi, lakini bonde ni la ukoo tutaligawa". Bibi akawaambia sawa, nileteeni aliyewahi kunisaidia tuta moja. Kesho yake akaenda kwenye baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume, alishaisikia kwenye semina ya wamama na aliishika ile sentensi kama aya ya Biblia. Likavutana, wakamwita mchawi, wakaacha kumsalimia, mwisho wakasalimu amri. Baadaye upimaji ulipokuja akapata hati ya kimila yenye jina lake. Jina lake, siyo la babu wala la baba yako.

Na uzeeni kabisa, parachichi za Hass zilipoanza kushika kasi huku Njombe, akanunua miche kwa hela ya kikoba. Wakamcheka, bibi kizee unapanda matunda ya wazungu utayala lini. Alivuna. Siyo mara nyingi ila alivuna, na hela ya kwanza alinunua godoro nene akasema hili halilali mjukuu yeyote, ni la kwangu.

Na Jumapili mchana alikuwa hayupo nyumbani, unakumbuka? Alikuwa kwa rafiki yake kule ng'ambo ya mto, tangu wote mabinti. Walikuwa wanaongea nini mimi sijui, ukifika tu wananyamaza kisha wanacheka.

Sasa la kukuambia, na ndo sababu nyingine nimeandika badala ya kupiga. Kurasa za mwisho za lile daftari kaandika kwamba vinyungu viende kwako wewe na mdogo wako wa kike, na mwenyekiti wa kitongoji kaweka sahihi pale. Baba yako ameona, hana neno. Wengine bado hawajui na kikao cha ukoo kimepangwa mwezi wa nane. Chukua likizo uje kabla, na ubebe kitambulisho cha NIDA na pasipoti saizi, tupite wote ofisi ya kijiji kwanza.

Mama yako