Jibu: Nani agharamie daftari la walezi wa watoto?

Ndugu yangu, umeuliza kama daftari la walezi wa watoto, yaani orodha ya walezi waliohakikiwa na polisi, litailemea Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Kwa maoni yangu, gharama kubwa si daftari lenyewe. Huko California, Marekani, daftari la TrustLine huhakiki alama za vidole za mlezi, na ada hulipwa na serikali pale anapolea watoto wa familia zinazopewa ruzuku. Fedha nyingi humezwa na kazi inayofuata: nauli ya ofisa ustawi wa jamii anayepanda mawe ya Mabatini, mtaa wa vilima jijini Mwanza, kusikiliza malalamiko, na kuhuisha taarifa kila mlezi anapohama.

Mama anayewahi dagaa soko la samaki la Mwaloni alfajiri humwacha mtoto kwa jirani, na chupa ya uji na kanga moja. Jirani huyo akidaiwa ada atajificha, na daftari litabaki la vituo vya kulelea watoto vyenye geti, ambavyo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 tayari inavitaka visajiliwe. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ada ya walezi wa majumbani ibebwe na halmashauri, hata ikianza na kata moja tu.