Mwenyekiti mpya na mdaiwa anayemzidi umri

Dada wa Arua, umesema umechaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha akiba, na sasa unaogopa kumkabili mama wa rika la mama yako aliyechelewesha mkopo, huku wanachama wakigombana kila kikao.

Hofu hiyo haitaisha kabla hujaongea, hupungua ukishaanza. Kwa hiyo kariri sentensi ya kwanza tu: "Shikamoo mama, tumekuja kuhusu mkopo wa kikundi, imebaki 180,000." Nendeni kwake siku mbili kabla ya kikao, wewe na katibu, na daftari lake mkononi. Taja kiasi, muulize ataweza kulipa ngapi kwa wiki, kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu: kimya kinawashinda, wanaanza kumjibia au kumwahidi kusamehewa riba. Mamlaka hayo huna, ni ya kikundi. Akisema 15,000, hizo ni wiki 12. Iandikwe, atie sahihi au dole gumba.

Kikaoni kelele zikianza, usiitishe kura. Funga sanduku kwanza (pesa zikiwa mezani hakuna anayesikiliza), katibu asome kipengele cha katiba ya kikundi, kila upande upewe dakika mbili. Anayetukana alipe faini iliyoandikwa, hasa akiwa rafiki yako.

LC1 (baraza la kijiji, Uganda) iwe hatua ya mwisho kabisa. Ukikimbilia huko mapema, deni linakuwa habari ya kijiji kizima, na mama hatarudi kikaoni wala kurudisha pesa.